Tana River Sio Jangwa Lenu la Gofu

Wasee, leo tuongee bila kupakana mafuta.

Nimeposti vidio ya sekunde 40. Mimi na marafiki watatu, hapa nyumbani Golbanti, tunacheza gofu jioni. Jua linazama nyuma ya mikoma, ng'ombe wanakatiza uwanja, mwenzetu mmoja anapiga mpira, anakosa, vumbi linapaa. Hiyo tu. Imetembea kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Asante kwa hilo, kwa kweli.

Lakini kuna sentensi moja mmeiandika na kuirudia mpaka nimechoka kuisoma: "Hiyo jangwa yenu ikipata mwekezaji, itakuwa Dubai ndogo."

Najua wengi mliandika kwa nia njema. Lakini sentensi fupi hivyo, imebeba uongo mara tatu. Jangwa. Mwekezaji. Dubai. Nataka nilichambue neno moja moja, halafu niwaambie ni gofu gani tunaitaka, kwa sababu gofu yenyewe mimi naipenda.

Tuanze na JANGWA.

Golbanti iko kwenye delta ya mto Tana. Huu ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000 hivi, unatoka Aberdare na Mlima Kenya unakuja kumwaga maji baharini Kipini. Mwaka 2012 delta hii iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Oevu, ndugu yangu. Majimaji. Kwani kuna jangwa linapewa cheti cha unyevu?

Venye mlituona kwenye vidio ni kiangazi. Kiangazi udongo wetu mweusi unapasuka, nyufa zinameza mguu wa mbuzi mpaka goti. Mvua ikinyesha huko juu bara, mahali palepale tulipokuwa tumesimama unapita na mtumbwi. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, tukaona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Mwisho wa 2023 mafuriko yakaja. Aprili na Mei 2024 yakaja tena, watu wakahama na magodoro kichwani. Ukipiga picha Februari utasema jangwa. Rudi Mei utatafuta mashua.

Sasa utaniuliza, "Neno tu linakuuma hivyo?" Linaniuma kwa sababu neno hilo lina historia. Kunyang'anya ardhi hakuanzi na tingatinga, kunaanza na jina. Mahali pakishaitwa jangwa, watu wake wanafutika. Waorma wanaoshuka na mifugo kutafuta malisho ya delta kila kiangazi, hawapo. Wapokomo wanaolima mpunga, ndizi na maembe kando ya mto, hawapo. Kunabaki "ardhi kubwa isiyotumika", inamngoja mtu mwenye suti.

Si hadithi. Mwaka 2008, mimi nikiwa bado mtoto wa chekechea, TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias walikuwa na mpango wa miwa kwenye hekta kama 20,000 za delta hii. Mwaka huohuo ikaripotiwa kwamba Qatar inataka hekta 40,000 za kulima chakula chake, na bandari ya Lamu ikiwa ndani ya mazungumzo. Baadaye ikaja kampuni ya Canada na jatropha, mmea wa kutengeneza mafuta ya magari. Kila mara wimbo ulikuwa mmoja: ardhi kubwa, watu wachache, kazi nyingi zinakuja.

Wazee wetu hawakukaa kimya. Walienda kortini. Februari 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba matumizi ya ardhi na maji ya delta yapangwe vizuri, na wenyeji washirikishwe. Ile miwa iliyochorwa kwenye karatasi haikufika hapa. Kwa hivyo ukija na neno "jangwa", jua kwamba sisi tumeshawahi kulisikia na tunajua linafuatwa na nini.

Tuje kwa MWEKEZAJI.

Hapa kwetu kuna kitu kinaitwa malka. Malka ni njia ya mifugo kufika mtoni. Haina lami wala kibao. Ni mapatano kati ya mfugaji na mkulima kwamba hapa ng'ombe wanapita wanywe maji, na pale pembeni ni shamba, usiguse. Malka ikizibwa, ng'ombe hawaendi kulala na kiu. Wanapita shambani. Wakipita shambani, mwenye shamba anatoka. Na akitoka hatoki mikono mitupu.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye delta hii. Sitaandika mengi, kwa sababu kuna watu wanasoma hapa waliozika ndugu zao. Siasa ilikuwepo, bunduki zilikuwepo, lakini chini kabisa ya ule ugomvi kulikuwa na malisho na maji. Tumejifunza kukaa pamoja tena kwa bei ghali sana.

Sasa leta mwekezaji wako hapo katikati. Uwanja wa gofu wa mashimo 18 unakula kama ekari 100 mpaka 200. Mtasema si nyingi. Sawa, lakini gofu ya mwekezaji haiji peke yake. Inakuja na majumba ya kuuza, hoteli, barabara ya kwake, na zaidi ya yote inakuja na UA. Ua ndio bidhaa yenyewe. Anayenunua nyumba pale hanunui nyasi tu, ananunua uhakika kwamba mimi na wewe hatutapita mbele ya dirisha lake. Na ng'ombe wa Muorma hawana kadi ya uanachama.

Angalia hapa jirani, Kilifi. Vipingo Ridge ni mahali pazuri, sitadanganya. Uwanja wao wa Baobab ulichorwa na David Jones, ukapandwa kwenye nchi iliyokuwa ya mkonge, na tangu 2019 umeandaa Magical Kenya Ladies Open. Mashindano ya kwanza alishinda Esther Henseleit wa Ujerumani. Dunia nzima ikaona Pwani yetu kwenye runinga. Poa. Lakini pale ni mtaa binafsi wa makazi, na hawajawahi kumdanganya mtu kwamba ni uwanja wa umma. Sina neno na wao. Neno langu ni kwa wewe unayeniambia hiyo ndiyo picha ya maendeleo kwa Golbanti. Nani atakuwa ndani na nani atakuwa nje? Wewe unafikiri utakuwa ndani? Katafute bei ya raundi moja kwenye risoti yoyote ya Pwani, halafu ujumlishe fimbo za kukodi, halafu uniambie unaenda lini.

"Lakini ajira je?" Hii ndio kamenti namba moja. Sawa, tuiongelee kwa heshima, kwa sababu hapa kazi hakuna na mimi siwezi kumcheka mtu anayetafuta mkate.

Ajira gani? Kukata nyasi, kulinda geti, na kubeba begi la mtu. Ni kazi halali. Ila tazama gofu ya Kenya imetendea nini wabeba begi wake. Kenya Open imechezwa tangu 1967. Seve Ballesteros mwenyewe aliibeba 1978. Mpaka leo hakuna Mkenya aliyewahi kuishinda. Si kwamba hatuna vipaji! Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wetu wakubwa wa kulipwa, alianzia kwenye ukedi huko Mumias. Kipaji chetu kinaingia uwanjani kupitia mlango wa nyuma, na begi la mtu mwingine begani. Mtoto wa mwanachama anapewa mwalimu akiwa na miaka sita. Mtoto wa kedi anajifunza kwa kuchungulia. Mnataka tujenge mlango mwingine wa nyuma, hapa Golbanti, kisha tuuite fursa?

Na kuna mmoja aliandika, "Huyu si ndiye aliyeacha chuo? Anajua nini kuhusu uchumi?" Ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikachagua kamera, na hiyo kamera inalisha watu nyumbani. Hesabu ninayofanya hapa haihitaji digrii. Inahitaji uwe umewahi kubeba mtungi wa maji.

Na hapo ndipo tunafika kwa DUBAI.

Emirates Golf Club ya Dubai ilifunguliwa 1988. Ndio uwanja wa kwanza wa nyasi eneo la Ghuba. Nyasi ile inaishi kwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo na nishati ya pesa nyingi. Wao wana mafuta na gesi. Walichagua, walilipa. Wengi wetu tuna ndugu huko Ghuba, wanaendesha magari na kulea watoto wa watu, na wanaweza kukuambia ile kijani imenyweshwa na nani na kwa mshahara gani.

Zile vidio za Arizona mnazonitumia pia nazijua. Nyasi ya kijani katikati ya mawe mekundu na mikakati mirefu kama nguzo za stima. Inapendeza, manze. Lakini hata wao wanajibana. Tangu sheria yao ya 1980 ya maji ya chini ya ardhi, viwanja vya gofu kwenye maeneo yanayosimamiwa na sheria hiyo vimewekewa kikomo cha kutumia maji. Ndio maana unaona vipande vya nyasi hapa na pale, na jangwa linaachwa kati yake. Si urembo tu, ni mita ya maji. Na Agosti 2021 serikali ya Marekani ikatangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi kwenye mto Colorado, Arizona ikakatiwa sehemu ya mgao wake. Marekani hiyo, na mabwawa yake yote.

Sasa sisi. Nyasi ya Golbanti itanyweshwa na nini? Jibu ni moja tu: Tana. Na Tana ina foleni ndefu. Huko juu kuna bwawa la Ndakaini, na maji mengi ya mabomba ya Nairobi yanatoka kwenye bonde hilohilo. Ndiyo, wewe wa Nairobi unayeniambia kwetu ni jangwa, unapiga mswaki na maji yetu. Halafu kuna mabwawa ya stima yamepangwa kama shanga: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Halafu mashamba ya umwagiliaji njiani. Sisi ndio wa mwisho kabisa kwenye foleni. Maji yakipungua huku chini, bahari yenyewe inapanda mtoni na chumvi inaingia mashambani.

Weka pampu ya gofu hapo. Kiangazi. Upande mmoja nyasi inarushiwa maji usiku kucha ili asubuhi ing'ae. Upande wa pili mama anachota kwenye tope na mtungi wa lita 20, jicho moja kwenye maji, jicho moja kwa mamba. Hiyo ndio Dubai ndogo mnayoniombea?

Kufika hapa najua kuna mtu anasema, "Basi si useme tu unachukia gofu." La hasha. Rudi uangalie ile vidio. Ninaicheza!

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu uongo mkubwa kuliko yote ni kwamba gofu ni nyasi.

Kuna mji unaitwa Coober Pedy, katikati ya ukame wa Australia Kusini. Wanachimba mawe ya thamani ya opal, na joto ni kali mpaka watu wengi wanaishi kwenye nyumba zilizochimbwa chini ya ardhi. Wana uwanja wa gofu, mashimo 18, na hauna unyasi hata mmoja. Mchezaji anatembea na kipande kidogo cha zulia la nyasi bandia, anauweka mpira juu yake, anapiga, anaokota zulia lake anaendelea. Pale kwenye shimo ni mchanga uliomwagiwa mafuta. Joto likizidi wanacheza usiku na mipira inayong'aa. Na uwanja huo wa vumbi una urafiki rasmi na St Andrews ya Scotland, pale panapoitwa nyumbani kwa gofu.

Kwani St Andrews yenyewe ni ya nani? Wengi hamjui. Ni ardhi ya umma. Inasimamiwa na shirika lililoundwa kwa sheria ya bunge ya 1974, na Jumapili ule uwanja maarufu kuliko wote duniani, Old Course, kwa kawaida haufunguliwi kwa gofu. Watu wa mji wanatembea humo na mbwa wao na watoto wao. Yaani huko mchezo ulikokulia, ardhi ni ya mji kwanza, gofu baadaye. Sisi tumeletewa gofu na geti, tukadhani geti ni sehemu ya kanuni za mchezo.

Hata hapa Afrika Mashariki, klabu ya Jinja huko Uganda inajulikana kwa kanuni yake moja tamu: mpira ukitumbukia kwenye nyayo ya kiboko, unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Nyayo inabaki, mchezo unaizunguka. Hiyo ni akili. Mchezo unajifunza mahali ulipo.

Ndivyo tunavyofanya sisi. Wale marafiki walikuja kwa matatu kutoka Malindi mpaka Garsen, wakamalizia na boda. Hiyo ndio safari yetu ya gofu. Fimbo tunazo nne, za mitumba, mbili zina kutu. Mashimo tisa, kila moja ni mkebe wa maziwa ya unga uliozikwa. Bendera ni vipande vya leso kuukuu. Tunabeba kipande cha mkeka cha kuwekea mpira, kama watu wa Coober Pedy. Kanuni zetu tumeziandika kwenye karatasi moja:

Mpira ukiingia kwenye ufa wa udongo, chukua mwingine bila adhabu.

Mpira ukiingia kwenye mathenge, umeenda. Usiufuate, ile miiba si mchezo.

Ng'ombe wakipita, mchezo unasimama. Wao walikuwa hapa kwanza.

Mtoni hatukaribii baada ya magharibi. Kiboko hajui kanuni za Jinja.

Na cha mwisho: mtu yeyote akisimama kutazama, anapewa fimbo apige moja. Mchungaji mmoja wa Kiorma, barobaro wa rika letu, alipiga kwa mtindo wa rungu, mpira ukapita juu ya mkoma. Hakuna mtu kati yetu aliyewahi kuufikisha pale. Alicheka, akarudisha fimbo, akafuata ng'ombe zake. Kwenye uwanja wenye ua, yule tungemjua kama mtu anayefukuzwa.

Mvua ikija, uwanja wetu unafunikwa na maji. Unakufa. Vizuri! Nyasi ya malisho inaota juu yake, ng'ombe wanakula, na kiangazi kingine tunazika mikebe upya. Hakuna aliyepoteza kitu.

Kwa hivyo madai yangu ni haya, na nayataja wazi ili msiseme nalalamika tu.

Kwanza, ardhi yetu iandikishwe. Tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Sheria hiyo inasema ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa, kaunti inaishikilia kama amana tu. Kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza ya mtu binafsi. Vijana wenzangu wa Tana River, mkutano wa ardhi ukiitwa pale chini ya mwembe, msiwaachie wazee peke yao. Nendeni. Jina lako liingie kwenye rejista ya jamii yako. Hiyo rejista ina uzito kuliko wafuasi wako wote wa mtandaoni.

Pili, malka zisiguswe. Si kwa gofu, si kwa miwa, si kwa sola, si kwa chochote kitakachokuja na picha nzuri.

Tatu, kama kweli kuna mtu ana pesa na anaipenda gofu ya Tana River, asituletee nyasi. Atusaidie kung'oa mathenge iliyomeza malisho. Alete fimbo kuukuu zinazoozea kwenye stoo za klabu kubwa, azigawe kwa shule. Atafute mwalimu aje likizo moja. Tofali hata moja halihitajiki.

Nne, nyinyi wenzangu mnaotengeneza vidio. Acheni kuandika "jangwa" chini ya picha za nyumbani kwa watu kwa sababu tu zimependeza bila watu ndani. Hao watu mliwakata kwenye fremu nyinyi wenyewe. Kamera yako inaweza kuwa ramani ya kwanza anayoitazama mnunuzi.

Mnaotaka kuja, karibuni Golbanti kabla ya mvua. Njoo na kofia, maji yako ya kunywa, na viatu usivyovionea huruma. Raundi ni bure. Geti usilitafute, halipo, na sisi tuko hapa kuhakikisha halijengwi.